Unyoya na Wifi Yake

Shangazi yangu alikuwa msusi, na sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha amesimama mahali pamoja, kati ya kiti cha kuzunguka na beseni la kuoshea nywele, katika chumba cha mbele cha nyumba ambayo babu aliwaachia yeye na baba yangu. Sisi tuliishi vyumba vya nyuma. Ukitoka jikoni kwetu ukafungua mlango mmoja tu, ulipokewa na joto la draya, harufu ya mafuta ya nywele na umbeya wa mtaa mzima. Alikuwa mwanamke mkubwa, mnene wa kupendeza, na mlango huo aliupita kwa ubavu. Kwa hiyo wateja walipoanza kumwita Unyoya, mgeni angedhani wanamsimanga. Hapana. Jina lilitokana na begi lake.

Siku hizi chumba kile kinauza simu na vifuniko vyake. Nikipita hapo bado napunguza mwendo, na pua yangu bado inatafuta ile harufu.

Mambo yalianza siku moja ya mvua. Saluni ilikuwa imejaa, mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke mgeni, mwembamba, viatu vimejaa tope hadi kwenye kamba. Nywele zake zilikuwa zimeshikana kama kiota.

"Nioshe," alisema, akiivunjavunja lugha yetu. "Osha sana."

Shangazi akamlaza kwenye beseni. Mara ya kwanza maji yalitoka meusi. Mara ya pili yakatoka ya kijivu. Mara ya tatu ndipo nywele zikakumbuka rangi yake.

"Mwanangu, umetokea wapi?" shangazi akauliza.

"Kwa miguu."

"Sikuulizi umekujaje. Nakuuliza umetokea wapi."

Yule mgeni akacheka, akataja nchi tatu. Hata waliokuwa chini ya draya wakatoa vichwa wasikie vizuri. Akaeleza, kwa maneno machache na mikono mingi, kwamba duniani kuna njia ndefu za miguu, nyingine zinakatiza milima, nyingine zinafuata mwambao, na kuna watu ambao kazi yao ya furaha ni kuzitembea, mwezi baada ya mwezi, wakilala kwenye mahema.

"Na mizigo umeiacha hoteli gani?"

Mgeni akaonyesha chini ya kiti. Palikuwa na begi dogo, si kubwa kuliko la mtoto wa shule.

"Hiyo ni mizigo ya leo. Nakuuliza mizigo yako yote."

"Ndiyo yote. Hema, blanketi, jiko, kila kitu."

Shangazi alilinyanyua kwa kidole kimoja. Akaomba ruhusa ya kulijaribu. Akalivaa, akatembea hadi dirishani, akarudi hadi mlangoni, kisha mlango ukafunguka na yeye akatoweka nalo mvuani. Mgeni alibaki chini ya draya, rola kichwani, hajui acheke au apige kelele.

"Usihofu," mteja mmoja akamtuliza. "Atarudi tu. Saluni ni yake."

Alirudi ameloa chapachapa. Alikuwa amezunguka soko lote. Waliokuwepo wanasema uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetoka kuonyeshwa mtoto mchanga.

Jioni, tulipokuwa mezani, akamwambia baba: "Kaka, nataka kwenda kutembea."

"Nenda," baba akajibu bila kuinua kichwa. "Ila urudi kabla chakula hakijapoa."

Chakula kile kilikuja kupoa mara nyingi. Kumbe hata katika nchi yetu kulikuwa na njia kama hiyo. Ilianzia nyuma ya stesheni ya mwisho ya treni, ikapanda milima na kuteremka upande wa pili, na mtu wa miguu ya kawaida hakuimaliza kwa mwezi mmoja. Shangazi akaamua kuimaliza kwa vipande, kila mwaka kipande kimoja, msimu ambao wateja hupungua.

Maandalizi yake yalitupa burudani miezi mizima. Aliazima mizani ya jikoni kwetu akapima kila kitu. Aliukata mswaki wake ukabaki kijiti. Alikivunja kitana chake nusu, msusi mzima! Kwenye kopo la bati la mafuta ya nywele alitoboa matundu pembeni, akamimina spiriti kidogo, akawasha, na likawa jiko linalochemsha kikombe cha chai. Kitambaa cha nailoni anachowafunga wateja shingoni wakati wa kunyoa akakishonea kofia, kikawa koti la mvua. Begi lenyewe alilishona kwa turubai jepesi la hema kuukuu, na lilipokamilika aliwaachia wateja walinyanyue mmoja mmoja. Hapo ndipo jina likazaliwa.

Mtu pekee ambaye hakucheka alikuwa mama yangu.

Mama alikuwa mpishi wa hospitali. Alizoea masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake, na aliamini kwamba kitu chepesi ni kitu ambacho hakijatosha. Yeye na shangazi walikuwa wameanza vibaya tangu harusi, kwa sababu shangazi ndiye aliyemsuka bibi harusi, na alimkaza nywele kiasi kwamba mama kwenye kila picha ya siku ile anaonekana ameshtuka. Mama aliapa ilikuwa makusudi. Shangazi aliapa ilikuwa mtindo wa wakati huo.

"Mtembezi hula miguu yake," mama alisema siku shangazi anaondoka mara ya kwanza.

"Bora nile miguu yangu, wifi," shangazi akajibu akifunga kamba za viatu, "kuliko hiyo chumvi unayowamwagia wagonjwa."

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa fundi wa mabomba ya maji ya mji, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, na raha yake ilikuwa kuwasikiliza hao wawili wakirushiana maneno juu ya kichwa chake. Shangazi aliporudi kutoka kila kipande, mweusi kwa jua, miguu imejaa plasta, baba alimkalisha kibarazani ili asimulie. Mama alikuwa akipita nyuma yao na sinia, amejifanya hasikii, kisha kesho yake ulimsikia akiwasimulia majirani habari zile zile, tena ameziongezea.

Baba alifariki ghafla, kazini, mchana wa kawaida tu. Alishuka kwenye shimo la bomba kuangalia mahali panapovuja, na wenzake walipomwita hakuitika. Daktari alisema ni moyo.

Baada ya msiba nyumba ikawa mbili. Ule mlango kati ya jiko na saluni, ambao tangu nizaliwe sikuwahi kuuona umefungwa, ukafungwa. Hakuna aliyegombana na mwenzake, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Mama alikwenda kazini, akarudi, akalala. Shangazi alisuka watu kimya kimya, na wateja waliozoea kicheko wakaanza kwenda kwingine. Mwaka ule hakwenda kutembea. Begi lake lilining'inia nyuma ya mlango likashika vumbi.

Ulipokuja tena msimu wa wateja wachache, asubuhi moja mlango ule uligongwa. Mama alikuwa anamenya viazi.

"Wifi," shangazi akasema, amesimama kizingitini kama mgeni. "Twende."

"Twende wapi?"

"Kutembea. Kimebaki kipande kirefu, kile cha mlimani. Sitaki kukitembea peke yangu."

"Na hospitali?"

"Wagonjwa watakula. Chumvi ikipungua kidogo watapona haraka."

Nilimwona mama akijikaza asicheke. Hakuwa amecheka tangu mazishi. Akamaliza kumenya kile kiazi, akakitia majini, akasema, "Mimi sina begi."

"Nimekushonea."

Kufungasha kwao kulichukua jioni nzima. Mama alijaza begi kwa kanuni zake mwenyewe, na shangazi akaketi sakafuni akaanza kulipakua.

"Kikaangio cha chuma, wifi?"

"Nitapikia nini, kiganja?"

"Ubao wa kukatia vitunguu?"

"Vitunguu havijikati."

"Mwavuli. Chupa ya chai. Mto wa kulalia! Wifi, unahama?"

"Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," mama akamjibu. "Basi na wangu uone usufi, uniache."

Shangazi akaendelea kutoa. Alipofika chini kabisa, mkono wake ukakutana na koti la baba. Lilikuwa koti lake la kazi la msimu wa baridi, nene, lenye bitana ya sufu, zito kama mtu aliyelala. Mama akaangalia pembeni. Shangazi alilishika muda kidogo, akalikunja vizuri, akalirudisha chini, na juu yake akarudisha hata kikaangio. Mizani ilikuwa pale pale sakafuni, hakuigusa.

Safari yenyewe nimesimuliwa mara nyingi, na wote wawili, kiasi kwamba nyakati nyingine nadhani nilikuwepo. Siku za kwanza hawakuzungumza. Shangazi alitangulia, mwili wote ule ukipanda mlima taratibu bila kuhema, kwa sababu alikuwa amejifunza mwendo wake. Mama alifuata mbali nyuma, kikaangio kikimgonga mgongoni kila hatua. Walikutana kwenye visima na kwenye vibanda vya mawe walikolala watembeaji, wakala mkate na karanga, wakalala wamepeana migongo.

Kisha visigino vya mama vikachubuka. Alificha mpaka akashindwa kuficha. Shangazi akamketisha kwenye jiwe, akamvua viatu, akamwosha miguu kwa maji ya kijito, akampaka mafuta na kumfunga plasta kwa vidole vile vile vilivyofunga maelfu ya rola.

"Ungesema tangu jana," akamwambia.

"Ungeuliza tangu jana."

"Haya. Wifi, miguu yako inauma?"

"Inauma sana, wifi."

Tangu hapo walitembea pamoja. Kwenye kibanda kilichofuata mama alimzawadia mtunza kibanda kikaangio chake. Shangazi anasema alikiaga kama ndugu anayepanda meli. Mwavuli ukafuata, kisha ubao. Kwenye vibanda walikutana na watu wa kila namna, wanafunzi, wastaafu, mume na mke waliokuwa wametembea mabara mawili, na mzee mmoja mwenye miwani aliyekata hata lebo za nguo zake ili apunguze uzito. Shangazi na mzee yule walikaa jioni nzima wakionyeshana mabegi kama wanawake wanaoonyeshana vitambaa. Alipoona kijiko chake kimetobolewa matundu mpinini, shangazi alivua kofia kwa heshima. Mama aliwatazama, akasema hajawahi kuona watu wazima wakishindana kwa kukosa vitu.

Walivuka sehemu ya juu kabisa, pale njia inapopita katikati ya vilele viwili, kwa mvua na upepo. Mvua ilinyesha kutwa. Mama alikuwa amelivaa lile koti juu ya kila kitu, na likanywa maji yote ya mlima. Walipofika kibandani alikuwa anayumba. Wakalitundika kwenye msumari karibu na jiko, likatiririka, na hata asubuhi halikuwa limekauka nusu.

Mama alisimama mbele yake na chai mkononi.

"Nimeamua," akasema. "Abaki hapa."

Hakusema libaki. Alisema abaki. Shangazi anasema alilisikia neno lile likampita mwilini, na mama mwenyewe hakutambua alilolisema. "Pazuri hapa," mama akaendelea. "Kuna moto, kuna watu. Atampasha joto mtu mwingine. Mimi siwezi tena."

Mama akatoka nje kujaza maji, akaanza kuteremka pole pole, peke yake, asitake kuangalia nyuma. Baadaye kidogo akasikia viatu vya wifi yake vikimfuata.

Mchana walipumzika chini ya miamba, jua limetoka. Shangazi alikuwa anatoka jasho kuliko kawaida. Mama alipogeuka kumpa maji, akaona kwenye begi la Unyoya, begi lililokataa hata mpini wa mswaki, mkono wa koti umechomoza pembeni.

"Wifi. Lile si koti?"

"Ni koti."

"Si wewe uliyesema kila kitu kina uzito wake?"

"Kina."

"Sasa?"

Shangazi akanywa maji yote yaliyokuwemo kwenye chupa kabla ya kujibu. "Wewe umembeba tangu nyumbani, nami nikakuacha kwa sababu ni mumeo. Lakini mimi ndiye niliyemfundisha kutembea, wifi. Nilimshika kwa mikono hii hapa, kwenye ua wetu, mama yetu akiwa anaanika nguo. Umechoka, sawa. Niachie mimi nimbebe kidogo."

Ndipo wakalia. Kwenye mazishi kila mmoja alikuwa amelia upande wake, kati ya watu wake. Pale kwenye miamba walilia pamoja, wameshikana, wanawake wawili wakubwa wenye plasta miguuni, mpaka watembeaji vijana waliokuwa wanapita wakadhani kuna aliyevunjika mguu na wakataka kuita msaada.

"Hakuna aliyevunjika," mama aliwaambia akijifuta kamasi. "Endeleeni, wanangu. Ni mambo ya kifamilia."

Njia iliyobaki walilibeba kwa zamu. Walipoimaliza, upande wa pili wa nchi, waliingia kwenye mgahawa wa stesheni wakaagiza chai na mayai, na koti wakalitengea kiti chake. Mhudumu akauliza kama kuna mtu anakuja. Shangazi akasema alishafika.

Waliporudi, mlango kati ya jiko na saluni ukafunguliwa, na wateja wakarudi kwa kelele zao. Miaka iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Kila mwaka, wiki kadhaa kabla ya msimu, mizani ilitokea sebuleni na ugomvi mtamu ukaanza. Mama akaanza kupunguza mizigo, kwa shingo upande. Alikubali kukata mswaki, lakini chumvi yake alisisitiza kuibeba kwenye kikopo, na ndimu mbili. Walitembea njia nyingine za nchi yetu, kisha za nchi jirani. Yule mgeni aliyeoshwa nywele mara tatu aliendelea kutuma kadi zenye picha za milima, na mwaka mmoja akawaalika kwao. Wakadunduliza, wakapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, wakaenda kutembea njia yenye theluji kwa mbali na ng'ombe wenye kengele. Lugha hawakuijua hata neno. Mama aliingia kwenye jiko la kibanda kimoja, akamwondoa mpishi kwa upole, akapikia watembeaji thelathini supu ambayo mpaka leo haina jina. Shangazi alikaa kwenye benchi la nje na nusu ya kitana, akawasuka wasichana wa mataifa yote, foleni imezunguka nyumba.

Walirudi kila mara wananuka moshi na furaha. Kwa siku kadhaa mama alikataa viti, akachuchumaa kwenye ngazi za nyuma na kikombe cha bati. Nao walibishana. Walibishana nani alisahau viberiti siku waliyovuka mto, nani aliyekoroma, nani aliyesoma vibaya alama kwenye mti wakalala msituni bila kupanga. Mimi na wadogo zangu tulilala tukiwasikia, na mpaka leo sauti ya watu wanaobishana kwa mapenzi hunipa usingizi.

Magoti ya mama yalianza kulalamika, mwanzoni wakati wa kuteremka tu, kisha kila wakati. Daktari akamwambia milima basi. Mama akaenda kuning'iniza begi lake nyuma ya mlango, kando ya la mwenzake.

"Nenda wewe," akamwambia shangazi msimu ulipofika. "Usinifanye mimi sababu ya kubaki."

Shangazi hakutaka, kisha akataka. Alichagua ile njia yetu ya kwanza, kipande cha mlimani. Tulimsindikiza hadi stesheni, mama akampa kikopo cha chumvi na ndimu mbili, naye, ajabu, hakuvipima. Aliandika kwenye mlango wa saluni kwamba atafungua mwezi ujao.

Siku chache tu baadaye, alasiri, nilikuwa jikoni na mama tukichagua mchele mezani. Tukasikia geti, kisha viatu vizito kwenye njia ya nyuma. Shangazi akaingia kwa ubavu, begi mgongoni, uso umeungua jua.

Mama akashtuka. "Umeumia?"

"Sijaumia."

"Mvua?"

"Hali ya hewa nzuri kabisa."

"Sasa mbona umerudi?"

Shangazi alivua begi, akaliweka mezani katikati ya mchele, akakaa kwenye kiti kilicholalamika chini yake.

"Nilifika nusu ya njia," alisema. "Nikakosa alama, nikapotea kidogo, nikakaa kwenye jiwe nikasema kwa sauti kubwa, ni kosa lako. Hakuna aliyenijibu. Nikakaa pale muda mrefu. Kutembea naweza, wifi, miguu haina neno. Ila kule juu hakuna wa kugombana naye."

Mama alimwangalia. Alikusanya mchele uliomwagika, punje kwa punje.

"Na kweli ulikuwa umekosea wewe," akasema. "Alama za pale ziko upande wa kushoto. Nilikwambia miaka yote."

"Kulia."

"Kushoto, wifi. Kwenye ule mti uliopasuka."

"Mti uliopasuka uko baada ya kijito!"

Nikainuka nikabandika maji ya chai. Walikuwa bado wanabishana chai ilipoiva, na walipoimaliza mama alikuwa amechora njia nzima mezani kwa punje za mchele. Kesho yake saluni ilifunguliwa mapema kuliko tangazo la mlangoni, na mteja wa kwanza kukaa kwenye kiti cha kuzunguka alikuwa mama yangu.

"Usinikaze," alisema.

"Tulia basi," shangazi akamjibu, akachukua kitana.